Wachanga Waliozikwa Bila Matanga

Umande haujakauka, na Judica Mbwambo ameshakaa na wanawake wa kijiji hiki cha upande wa Hanga, anatunga majani ya tumbaku kwenye fito. Karatasi zake za maswali zimo mkobani. Leo hana haraka ya kuzitoa.

"Binti wa Ruhuwiko, umekuja kufanya kazi au kutuhesabu tena kama mabelo ya tumbaku?" anamtania mama Ursula Gama. Wanawake wanacheka. Judica anatabasamu tu.

Ana miaka ishirini na minne, anasomea takwimu za afya Dar es Salaam. Baba yake ni mwalimu kutoka Same, alihamishiwa Ruhuwiko, Songea, yeye akiwa bado mdogo.

Miezi miwili iliyopita alipita hapa nyumba kwa nyumba, akiwauliza akina mama wamefiwa na wachanga wangapi. Katika nyumba mia na arobaini alipata watatu tu. Kompyuta ya chuo ikaonyesha kwamba kijiji hiki kina nafuu kuliko vyote vitano alivyopita. Halmashauri inasubiri hesabu hiyo, na ina mkunga mmoja tu wa kupeleka kwenye kijiji chenye shida zaidi. Kwa hesabu ile, angepelekwa kwingine.

"Kompyuta haikukosea," Judica anawaambia wanawake. "Ilijumlisha nilichoipa. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya."

Aliporudi kuhakiki majibu, alikuta wanawake wanne wanatoka nyuma ya nyumba na jembe, kimya, bila kilio. Akauliza nani amefiwa.

"Hakuna aliyefiwa," wakamjibu. "Mtoto alikuwa hajatolewa nje."

Huku, mchanga akifa kabla ya kutolewa nje, yaani kabla mama hajamaliza siku za kukaa ndani kwa uzazi, wanawake humzika peke yao. Matanga hayawekwi, na mtoto haliliwi, hata na mama yake. Mtoto huyo hahesabiwi kuwa amekufa, maana hakuhesabiwa kuwa amekuja.

Ndiyo maana sasa Judica haulizi habari za vifo. Anamgeukia mama Anjelika Ngonyani, ambaye safari ile alisema ana watoto wanne na wote wazima.

"Mama, umekaa ndani kwa uzazi mara ngapi?"

Mikono ya Anjelika inasimama juu ya ufito.

"Mara sita."

"Wawili hawakutoka," anasema. "Yule wa mwisho alinyonya kabisa."

"Pole, mama. Ningependa kuwaandika. Ukikataa, siandiki."

"Majina hawana, mwanangu."

"Sihitaji majina."

Anjelika anachukua jani jingine, analitunga. "Haya, waandike. Ila usisome kwa sauti."

"Na wangu mmoja," anasema mama Ursula polepole. "Tangu tuanze kuchangia matibabu tunazalia hapahapa nyumbani. Hela ya tumbaku inakuja mara moja kwa mwaka. Mimba haisubiri soko."

Nusu ya nyumba bado, na wachanga wameshafika kumi na saba.

Lakini kama swali lilikosea hapa, huenda lilikosea pia katika vijiji vingine vinne. Msimamizi wake amemwambia wazi kwamba akianza upya hatahitimu mwaka huu. Halmashauri nayo imekubali kusubiri mpaka soko la tumbaku lifunguliwe, basi.

"Nitarudia vyote vitano," Judica anawaambia. "Pengine itaonekana kuna kijiji chenye shida kuliko hiki, na mkunga aende huko. Nitakuja mwenyewe kuwaambia. Ila asiende kwa sababu ninyi mlinyamaza, na mimi nikaandika kwamba mko salama."

Anatoa karatasi mkobani, anasogea kwa mama anayefuata.

"Shikamoo, mama."