Maji Tuliyowanawisha Wageni

Sitaisahau, mwanangu, siku ile nilipopiga magoti mbele ya wageni na kuwamwagia mikononi maji yanayonuka, baba mkwe wangu amekaa pale pale ananitazama. Nilikuwa bibi arusi mpya, bado naogopa hata kukohoa mbele yake. Nitakusimulia leo, upende usipende, maana jana ulinikasirisha.

Uliingia hapa na ile tisheti mpya ya mradi, ukakaa, ukaniambia kwa furaha: "Mama, mpango ya kusafisha mto iko tayari. Tulikuwa kule mutaa ya Golf, mu hoteli. Badau bote balikuwako." Wadau wote? Nikakuuliza kama kulikuwa na mama hata mmoja wa hawa wanaolima kabichi na mboga za lengalenga kando ya mto. Ukasema prezida wa chama chao alikuja. Mwanamume ama mwanamke? Mwanamume. Anamwagilia kabichi huyo? Ukacheka. Mimi sikucheka, mwanangu. Nililala na hasira, nimeamka nayo, na hata chai imeshindwa kuishusha.

Basi sikiliza, na zima hiyo simu.

Mimi ni mtoto wa mjini, mtaa wa Makomeno. Baba yangu alitoka Kasai, akauza vitambaa, akatusomesha sote Kifaransa. Nikaolewa na baba yako, mtoto wa wakulima wa huku nje ya mji, watu waliokuwa hapa kabla hata jiwe moja la shaba halijachimbwa. Kwetu walishangaa, huku walishangaa zaidi. Mama mkwe wangu, Mama Chola, nkambo wako, bibi yako ambaye humkumbuki, alinishika mikono siku ya kwanza akaigeuzageuza kama mtu anayechagua viazi sokoni. "Mikono ya kushika bic, ya kuandika tu," akasema. "Tutaona."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuloweka mihogo. Chini ya kijiji, mto ulikuwa na mahali maji yanapotulia, tumepazungushia mawe, na mihogo ya nyumba zote ililazwa pale mpaka ilainike na uchungu wake utoke. Bila pale hakuna unga, na bila unga hakuna bukari, ule ugali wetu wa kutuvusha mpaka mahindi yakomae. Ndicho kilichokuwa chakula chetu, kwa kifupi. Na palikuwa pa wanawake tu. Tulivua nguo, tukaingia majini hadi kiunoni, tukaosha, tukaoga, tukasengenya waume zetu. Mwanamume akitaka kupita karibu alipaswa kupiga kelele kutoka mbali, na mwenye heshima zake hakupita kabisa. Baba mkwe wangu, Papa Mwape, alizaliwa kijiji kile na akazeekea pale pale, lakini hakuwahi kupakanyaga mahali pale tangu alipoacha kubebwa mgongoni.

Sasa huko juu ya mto akaja mtu mmoja na kiwanda chake kidogo cha kuoshea mawe ya shaba. Maji yakaanza kushuka na rangi ya kutu mpaka pale wenye nyumba za kando ya barabara wanapochota ya kunywa. Kutu iliishia kwenye matete ya hapo kijijini, kwetu huko chini maji yakafika bado safi. Watoto wakaugua matumbo, watu wakalalamika, na walikuwa na haki. Ndipo ukaja mradi. Enjenyeri, injinia wao, akafika kwa gari na wenzake, wakaketi na shefu wa kijiji na wazee ndani ya kanisa. Wanaume watupu! Sisi tulikuwa wapi? Nyuma, kwenye moshi, tunawapikia bukari hao hao waliokuwa wanapanga mto wetu. Hakuna aliyetoka hata kutuuliza chumvi imetosha.

Mpango wao ulikuwa kuchimba mfereji. Maji machafu yazunguke kijiji, yaache mahali pa kuchotea, yakaingie mtoni huko chini. Enjenyeri akawauliza wazee: huko chini kuna mtu anayetumia maji? Wakatazamana. Hakuna aliyejua vizuri, maana hakuna aliyefika. Lakini mzee mzima, amekaa mbele ya mgeni, akiri kwamba hajui mto wake mwenyewe? Halafu aanze kusimulia habari za wanawake wanaovua nguo? Thubutu! Papa Mwape akajibu: "Kule hakuna mutu." Shefu akaitikia kwa kichwa, na wengine wote wakaitikia.

Mfereji ukachimbwa. Asubuhi moja tukashuka na vikapu vyetu, tukakuta maji yetu yamekuwa mekundu. Mihogo tuliyokuwa tumeloweka ilibaki migumu, imeshika kutu, inatoa harufu ya chuma. Kuna mama alikaa chini kwenye matope akalia kama amefiwa. Tuliwaambia waume zetu, wakatujibu eti jambo limeshakubaliwa na wakubwa, tutafute mahali pengine. Mahali pengine wapi, jamani? Mto ni mmoja.

Kisha wakatangaza sherehe ya kufungua mfereji. Sherehe! Wageni wakaja nyumbani kwa Papa Mwape, wakapangiwa viti uani. Wajua mwenyewe desturi: mgeni haligusi bonge la bukari kabla hajanawishwa mikono, na anayenawisha ni mke mpya wa nyumba, tena kwa magoti. Yaani mimi. Mama Chola akanikabidhi birika, lakini nilipotaka kuchota kwenye ndoo akanishika mkono.

"Hapana. Enda uchote kwetu, pale tunalowekaka."

"Mama, batanirudisha Makomeno!"

"Bakikurudisha, tutaenda sisi bote bawili. Nitauza vitambaa na baba yako."

Nilitaka kucheka, lakini wageni walikuwa wanangoja. Nikaenda, nikachota, nikarudi.

Nikapiga magoti mbele ya enjenyeri. Akanyoosha mikono huku anaendelea kuongea na shefu, hata hanitazami. Nikamwaga. Yakatoka maji mekundu, na harufu ikapanda mpaka kwenye meza. Akarudisha mikono haraka kama mtu aliyegusa moto. Papa Mwape akasimama: "We mwanamuke! Unaleta maji gani kwa bageni? Unatupatisha haya!" Nikaliinua tena birika. Baba mkwe hajibiwi.

Aliyejibu ni Mama Chola, amesimama mlangoni na mwiko wake.

"Iko maji yenu, ile mulileta. Munawe, mukule."

Enjenyeri akasema kwa Kifaransa kwamba wao waliambiwa huko chini hakuna mtu. Nikatafsiri, kichwa chini. Mama Chola akaguna.

"Hakuna mutu? Sasa ile mihogo ilijiloweka yenyewe? Iliteremuka ku mto na miguu yayo?" Kisha akamgeukia mumewe, na hapo hata mimi niliogopa. "Na weye, Papa Mwape! Kila siku unakulaka bukari yangu. Uliwaza inatokaka wapi? Bakikuuliza kitu haujue, sema haujue. Sema: mungojee, nikaulize bamama. Mudomo ungeanguka?"

Papa Mwape akakaa tena. Bukari ikapoa pale mezani, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Wageni wakaomba kwenda kuona. Wanawake wakatangulia kuwaonya waliokuwa kule chini, wazee wakafuata wakitazama chini, kama watoto waliokamatwa na sukari mdomoni. Papa Mwape alipoiona mihogo yake imelala kwenye yale matope, alivua kofia. Enjenyeri sasa ndipo akauliza, kwa upole kabisa, nami nikatafsiri: "Bamama, munataka mufereji ipite wapi?"

Swali lile, mwanangu, ndilo alilopaswa kuanza nalo! Kabla ya koleo la kwanza! Na unajua wanawake walimjibu nini? Walimwambia usipite popote. Mwenye kuosha mawe achimbe shimo kwake, maji yake yatulie huko huko kwake, asiwamwagie watu wa juu wala wa chini. Wale wakubwa wote hawakuwahi kuwaza kumsumbua mwenye mawe, kwa sababu yeye alikuwa na gari na sauti. Waliona ni rahisi kuwamwagia watu ambao hawakuitwa. Hilo linaniuma mpaka leo, na wewe jana ukakikwangua kidonda.

Shimo lilichimbwa mwishowe, baada ya safari nyingi za mjini na matusi mengi ya njiani. Mimi nilikuwa mkalimani, mikono ya bic ikapata kazi. Mfereji ukafukiwa. Lakini mto hauponi siku unayotaka wewe. Mvua za msimu mzima zilipita kabla mihogo haijalainika tena pale, na mwaka ule tulilala njaa, watu wazima na watoto.

Sasa nakuusia, mwanangu, na mwingine yeyote anayepanga maji ya watu asikie. Usimwite mtu mdau kwa sababu umempa kiti na chupa ya maji hotelini. Tembea mto mzima kwa miguu, na kila unayemkuta ameinama majini, muulize anafanya nini pale na angekosa nini pakiharibika. Uende saa yake yeye, usimlazimishe aje saa yako. Ongea lugha yake. Ukimuuliza mwanamume habari za mahali ambapo hafiki, mwambie akuonyeshe anayefika. Na wanaopika nje wakati mnakutana, waite ndani, hata kama chakula kitaungua! Kisha wape nafasi ya kukataa. Kama mpango wako hauwezi kubadilika mama mmoja akisema hapana, basi umekwenda kuwaaga tu, hukwenda kuwauliza. Mkikosea, maji hayo hamtayanywa ninyi, mtakuwa mmeshapanda gari.

Wewe unaona haya ni hasira za bibi kizee. Ngoja nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Mwaka ule wa njaa nilikuwa na mimba. Nilikuwa nakula mara moja kwa siku, na Mama Chola ananipunguzia kutoka sahani yake. Mimba ile ni wewe. Ulikuwa hapa tumboni, unataka kula, na wakubwa walikuwa wameshasema huko chini hakuna mtu.

Simama basi, uende. Mungu aliyekufikisha duniani salama akushike mkono, akupe kinywa cha kurudi Golf na kuwaambia wenzako kwamba mpango bado. Wakikucheka, usijali, mama yako amekubariki.