Mukunde Huuliza Mkono Ukiwa Majini

Saa mbili asubuhi, Mukunde anamimina maji ya uvuguvugu kwenye beseni la bluu. Habimana, seremala wa Nyakabanda, anautumbukiza mkono wa kulia taratibu, uso umemkunjamana. Msumeno wa umeme ulimkata vidole. Madaktari waliviunga, lakini bado ni vikavu na vigumu.

Mukunde hamtazami usoni. Anavinyoosha vidole kimoja kimoja, kisha anauliza kama anayeuliza habari za mvua: "Majuma haya mawili moyo umekuwaje? Kuna siku hukuwa na hamu ya kitu chochote?"

Swali hilo humuuliza kila aliyeumia mkono katika kliniki hii ndogo ya Kigali, ambako yeye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake hakijamtoka.

"Mkono ndio unaolisha, unaosalimia, unaobeba mtoto," anasema. "Ukiharibika, usidhani kinachouma ni mfupa tu."

Mwanzoni maswali hayo yaliulizwa mbele ya umurwaza, yule ndugu anayemuuguza mgonjwa. Habimana aliletwa na mkewe, Christella, aliyekuwa akimfunga hata vifungo vya shati. Mwanamume gani atasema amechoka kuishi, na mkewe yuko pembeni?

"Iko sawa, dada," alijibu kila swali. Mukunde na wenzake wakamwamini. Hakurudi tena.

Aliyerudi ni Christella, peke yake, analia. "Analala anaangalia ukuta. Watu wanakuja kusalimia, anaficha mkono ndani ya koti. Hata harusi ya mdogo wangu alikataa."

Mukunde akafunga safari hadi Nyakabanda kumbembeleza arudi. Alipokuja, alimwomba Christella asubiri nje, akafunga mlango, akauliza upya mkono ukiwa majini.

"Seremala bila mkono iko nini?" akasema Habimana. "Naamka, naona afadhali ningelala moja kwa moja."

Mukunde anakiri kwamba aliogopa. Hapo hapo alimsindikiza kwa mshauri wa afya ya akili, chumba cha jirani, na hakumwacha mpaka alipokaa.

Tangu siku hiyo umurwaza haingii chumba cha beseni. Wengine hununa. "Wanune tu," anasema Mukunde, anacheka.

Leo Habimana anajibu bila kusukumwa: "Usiku bado iko mgumu kidogo. Lakini jana nilishika randa."

Randa! Mukunde anashindwa kuficha furaha yake. Ndoto yake ni kuona kliniki nyingine nazo zinauliza mapema, tangu bendeji ya kwanza, kabla mtu hajageukia ukuta.

Habimana naye ana mpango wake. Mlango ukifunguliwa kidogo, anamwona Christella kwenye korido, amesimama na wauguzaji wenzake, koti la mumewe mkononi.

"Hawa wote mnafukuza, wanasimama tu," anasema. "Nitatengeneza benchi. Mbao iko tayari."

"Kwa mkono upi?" Mukunde anamtania.

Habimana anautoa mkono wa kulia majini, unachuruzika, anamnyooshea amsalimie.

"Huu. Lakini usikaze, dada, bado inauma."