Unga wa Mama Lidwina wa Songea

Alizaliwa upande wa Madaba, mwaka usiojulikana, na jina alilopewa na mama yake halikumbukwi na mtu, kwa sababu alitekwa vitani akiwa mdogo na kukulia katika nyumba ya watu wengine karibu na Songea. Jina la Lidwina alilipata kwa ubatizo mwaka 1901. Misheni ilimfundisha kusoma, naye akaolewa na Osmund, mhunzi, Mkristo kama yeye. Vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni mwaka 1905, Osmund alikunywa ile dawa iliyosemwa kugeuza risasi kuwa maji, akaenda kupigana. Mwezi wa Februari mwaka uliofuata alinyongwa na Wajerumani bomani pamoja na wenzake, na mkewe alilazimishwa kusimama kutazama kama wanawake wengine wote.

Kisha ikaja njaa, maana askari walikuwa wamechoma maghala na mashamba. Watoto waliofiwa na wazazi walimiminika mjini, wakawa wanabeba kuni na maji kwa askari kutwa nzima. Siku moja Lidwina alimkuta kijana mmoja, Pankrasi, akiokota punje za mahindi katika mavi ya nyumbu wa kubebea mizigo ya boma, akizisuuza na kuzila. Alirudi nyumbani akakaa chini, hakuweza kulia. Kesho yake alikwenda kuomba kazi ya kusaga nafaka katika jiko la askari, akalipwa unga. Jioni, watoto walipomaliza kazi zao, aliwapikia uji, na waliokunywa walikaa wakajifunza herufi, akiwachorea kwa mkaa juu ya ubao. Wasingekuja kwa ajili ya herufi tu, naye alilijua hilo.

Wakristo walimchukia. Kanisani wanawake walisogea akae peke yake. Katekista, mzee Kajetani, alimfuata nyumbani.

"Unga ule una damu, Lidwina."

"Najua, mzee wangu. Na ya Osmund imo. Nipe unga mwingine, huu niumwage."

Mzee Kajetani hakuwa nao. Aliondoka bila kuaga, na kwa miaka mitatu hakumwamkia. Lidwina aliendelea kusaga. Alisema baadaye kwamba kila alipoinama juu ya lile jiwe aliwaona waliomfunga mumewe wakipita na sahani zao, na kwamba sala iliyomjia haikuwa ya kumwambia padri.

Watu husimulia kwamba katika njaa ile chungu chake hakikupungukiwa. Adela, msichana aliyelelewa naye, aliulizwa uzeeni kama ni kweli. Alijibu kwamba unga uliisha mara nyingi, na siku hizo Mama Lidwina hakula kitu.

Wanafunzi wake walikua. Kwa kuwa walijua kusoma, boma liliwahitaji, na mwaka 1911 Pankrasi akawa karani wa kodi. Mama Lidwina alikuwa amejenga kibanda cha kusomea kando ya nyumba yake, na boma, lililotoza kodi kwa kila nyumba, likakihesabu kuwa nyumba ya pili. Alikuwa na uwezo wa kulipia moja tu. Pankrasi alimwendea kwa siri.

"Shikamoo, mama. Kibomoe kile kibanda, nami nitaandika nyumba moja."

"Marahaba. Na hao watasomea wapi?"

"Mama, kikibaki nami nikaandika moja, nitafukuzwa kazi."

"Basi andika unachokiona, mwanangu."

Aliandika mbili. Muda wa kulipa ulipopita, alisimama mbele ya watu akasoma amri: wasiolipa waende kuvunja mawe barabara ya ziwani. Jina la mlezi wake alilisoma bila kuinua macho. Mama Lidwina alisikiliza hadi mwisho.

"Umesoma vizuri, Pankrasi," alisema. "Hujakosea hata neno moja."

Alivunja mawe hadi msimu wa baridi, akashikwa na homa ya mapafu, akarudishwa kwa machela mwezi wa Julai 1912. Padri aliyempaka mafuta ya wagonjwa alimuuliza kama amewasamehe wote.

"Askari, ndiyo. Pankrasi bado. Niombeeni."

Alifariki kabla ya mapambazuko. Mzee Kajetani ndiye aliyechimba kaburi, peke yake, akakataa kusaidiwa.

Adela alishika darasa. Baada ya mazishi Pankrasi alianza kupeleka gunia la unga kila mwezi, akiliacha nje, kwa sababu Adela hakumruhusu kuingia wala hakuitikia salamu yake. Lakini aliupokea ule unga, akaupika. Ndugu waamini, anayeomba kwa jina la Mama Lidwina asiombe moyo mwepesi, kwani yeye mwenyewe hakupewa. Aombe nguvu za kuwapikia watoto na kuwakalisha chini wasome, hata kama moyo umejaa uchungu. Watu walimwuliza Adela kwa nini anapokea unga wa mtu ambaye yeye mwenyewe hataki kumwona.

"Watoto wanakuja jioni," alisema, "na wanakuja na njaa."