Platini za Lori la Baba

Nakumbuka siku moja nilipomgombeza mzee mwenye mvi mbele ya watu, na hadi leo nikiikumbuka masikio yananiwaka. Mwanangu, Jumapili ile baada ya misa uliniuliza kama inafaa kutoa platini kwenye gari lako kuukuu la petroli na kuweka kile kisanduku cha elektroniki wanachokiuza siku hizi. Wenzako wenye malori ya mazuti, yaani dizeli, wanakucheka, maana mazuti haijui buji wala platini. Waache wacheke. Swali lako ni zuri na jibu lake ninalo, ila jibu lenyewe lina safari ndefu, kwa hiyo kaa vizuri.

Ilikuwa miaka ya vita. Mimi nilikuwa kijana hapa Butembo, na baba alipofariki aliniachia lori la petroli pamoja na fundi wake, Papa Kakule. Mzee huyo hakuwa ndugu yetu, lakini lori lile alilijua kuliko mimi nilivyojijua mwenyewe. Kila mwezi alifungua delko, kile kikombe cha kugawa moto wa mashine, akatoa platini, yaani vile vipande vidogo vya chuma vinavyofunguka na kufungika ili buji, zile plagi za kuwashia petroli, zipate moto. Alizisugua kwa msasa, akazirudisha, kisha akapima nafasi kati yake kwa kadi yake ya chama ya enzi za Zaire.

“Hii kadi hapana kunisaidia hata siku moja,” alikuwa akisema, “mais, lakini kwa platini iko sawasawa!”

Mimi niliona aibu. Baridi ya asubuhi ya Butembo unaijua. Lori lilikohoa, likanyamaza, likakohoa tena, na akina mama wa sokoni waliokwisha kupanda juu ya magunia wakanipigia makofi ya kejeli. Basi nilipofika Beni, fundi mmoja kijana wa rika langu, mwenye garage mtaa wa Beu, akanionyesha kisanduku kilichotoka Kampala. Akasema na hiki hakuna msasa wala kadi. Sikuuliza mara mbili. Akatoa platini za baba, akazitupa kwenye pipa la vyuma vibovu, akafunga kile kipya, na kwa ukarimu wake akaiunganisha redio yangu kwenye waya uleule ulioleta moto wa betri kwenye kisanduku.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini nisiseme uongo, mwanangu, siku za kwanza sikuona kidonda chochote. Lori liliwaka mara moja tu, asubuhi na jioni, hata petroli lilipunguza kunywa. Nikaenda moja kwa moja kwa Papa Kakule kumringia. Akasikiliza mashine, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza:

“Iko muzuri. Na ile ya zamani iko wapi?”

“Niliiacha kule kwa garage, Papa. Ilikuwa muchafu.”

Alifuta mikono yake taratibu, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto akitembea juu ya ukuta. Mimi nikadhani ananionea wivu, kwa kuwa kazi yake ya kila mwezi imekwisha. Ujana bwana!

Wiki chache baadaye ikaja habari kutoka Mutwanga. Mama yangu alikuwa akiishi kule, kwenye shamba la wazazi wake, na mguu mmoja ulikuwa haumsaidii tena tangu aanguke. Watu walisema wapiganaji wanashuka kutoka milimani na vijiji vinaanza kuhama. Nikampa dereva mmoja wa pikapu ujumbe: mwambie Mama asitembee, asihangaike na mtu, kesho nakuja na lori. Ona basi nilivyomfanya, mwanangu. Neno langu ndilo lililomkalisha pale.

Asubuhi natoka, nikamkuta Papa Kakule amesimama kando ya barabara na kopo lake la vyuma vya kazi. Akaomba nimbebe mpaka Beni akamsalimie binti yake huko Mulekera. Nikambeba. Tulipoingia Beni akaniambia nisimame Beu, kwenye garage ile, dakika tano tu. Dakika tano zikawa ishirini, naye yumo ndani ya lile pipa, kainama, anachakura. Nikashindwa kuvumilia. Nikatoa kichwa dirishani nikapaza sauti, na watu wakasikia:

“Papa! Mama yangu ananingoja kwa vita, na weye unatafuta bichafu?”

Akarudi, akapanda, akaweka kitu kilichofungwa kwa kitambaa ndani ya kopo lake. Tulipofika njia ya Mulekera nikasimamisha ashuke, lakini akabaki amekaa.

“Binti atanisamehe,” akasema. “Tuende kwa mama yako.”

Barabara ya Kasindi ilikuwa imejaa watu wanaokuja upande wetu, wengine na magodoro kichwani, wengine wakivuta mbuzi. Sisi peke yetu ndio tuliokuwa tunaelekea walikotoka. Kwenye kizuizi, askari wakachukua karatasi zangu, wakampelekea mkubwa wao. Nikanyoosha mkono kuzima gari kabisa na redio nayo, askari mmoja mwembamba akanizuia:

“Chauffeur, tika miziki!”

Alikuwa akiniambia dereva, kwa Kilingala, niache muziki uendelee. Na nani atamkatalia mwenye bunduki? Mashine nikaizima, ufunguo nikauacha wazi, na askari wakasikiliza nyimbo zao karibu saa nzima huku moto wa betri ukipita ndani ya kile kisanduku cha Kampala. Karatasi ziliporudi, nikapiga stata. Mashine ikazunguka, ikazunguka, isiwake. Harufu ya kitu kilichoungua ikatujia puani.

Nikiwa bado napiga, akapita jirani yetu wa Mutwanga, amembeba mtoto mgongoni. Alinitambua, akashika mlango wa lori.

“Ni weye! Mama yako bado iko kule. Batu balimuletea kipoyi, banaume bane, bamubebe. Alikatala! Alisema: bebeni Mama Masika, mimi mutoto yangu anakuja na motokari.”

Kipoyi wewe hukukijua. Ni machela ya miti miwili, mgonjwa analala katikati na wanaume wanne wanampokezana mabegani. Mama alikuwa amepata mabega manne ya kumtoa kule, akampa Mama Masika, jirani yake asiyeweza kutembea, kwa sababu alikuwa na mimi. Na mimi nilikuwa nimekaa kizuizini na gari bubu. Mwanangu, nililia. Nililia mbele ya askari, kichwa juu ya usukani, na sikujali aliyeniona.

“Utalia tukifika,” akasema Papa Kakule. “Fungua boneti.”

Akafungua kitambaa. Zilikuwa platini za baba, zina kutu kidogo. Akatoa kile kisanduku kilichoungua na vilivyofungwa pamoja nacho, akazisugua platini kwa msasa, akazirudisha mahali pake, kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa ile kadi ya chama. Askari mwembamba alikuja mwenyewe kutushikia boneti. Nadhani alielewa, maana redio aliizima bila kuambiwa. Mzee akapima, akakaza skrubu, akapima tena, bila haraka yoyote.

“Piga.”

Lori likakohoa. Likanyamaza. Nikapiga tena, likakohoa, likanguruma. Kikohozi kile kilichokuwa kikinitia aibu kila asubuhi, siku hiyo nilitamani kukibusu!

Mutwanga tuliikuta imenyamaza, milango imefungwa, kuku wanajitembelea njiani. Mama alikuwa amekaa mbele ya nyumba juu ya furushi lake, amevaa kitenge cha kanisani, fimbo mkononi. Aliponiona hakulia wala hakucheka.

“Umechelewa,” akasema. “Bugali imepoa.”

Nilimbeba mikononi kama yeye alivyonibeba, nikicheka na kulia pamoja. Njiani tulimpata Mama Masika na wabebaji wake, tukawapakia na wengine tuliowaweza. Kabla hatujafika kwenye kizuizi tukasikia milio ya silaha nyuma yetu, upande wa Mutwanga. Juu ya lori bibi mmoja akasema “Wasingya, Nyamuhanga,” na wote wakamshukuru Mungu pamoja naye.

Jioni hiyo tulikula Mulekera, kwa binti yake Papa Kakule. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Akaniinua.

“Ulikuwa na haraka ya mama yako. Ile hapana kosa,” akasema. “Na ile kitu ya Kampala haiko mubaya. Mais, mutoto yangu, ya zamani ilikuwa inajua njia hii. Ile mupya ulikuwa hauijui bado, na ulikuwa umeshatupa ile yenye unajua.”

Watu wa pwani husema usiache mbachao kwa msala upitao. Papa Kakule hakuwahi kuiona pwani, lakini jungu kuu halikosi ukoko.

Sasa jibu lako. Weka kile kisanduku, mwanangu. Mimi mwenyewe nilikiweka tena amani iliporudi, na kilinifaa miaka mingi. Lakini kwanza tazama nyaya, buji na betri, maana kitu kipya juu ya nyaya mbovu ni hasara tupu. Redio ipe waya wake, na gari likisimama uzime ufunguo hata kama wimbo ni mtamu. Platini zako zifunge kwenye kitambaa ziwe ndani ya gari daima, na ujifunze kuzirudisha kwa mikono yako, kwa kuwa si kila mtu ana Papa Kakule pembeni. Na si gari tu. Kabla hujaacha cha zamani, jiulize: hiki kipya kikizima mbali na nyumbani, nani atakiwasha? Na mzee akichelewa mahali, mwulize anatafuta nini kabla ya kumpigia kelele.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu, akupe mikono yenye utulivu na masikio ya kusikia. Na popote palipo na mtu aliyekataa mabega ya wengine akisema “wangu anakuja,” Mungu akujalie ufike.