Turbo ya Ijumaa Adhuhuri

Najua utasema nilikuwa na njaa na jua lilinipiga. Nilishajiambia hivyo kabla yako, nikalipima jambo hilo kila upande kama ninavyopima kila kitu, na bado halitoshi. Haya yamenipata kweli, mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea, mchana kweupe. Ninayaandika kwa sababu huenda pikipiki yetu iko kwako.

Mwaka juzi nilimaliza shahada ya uinjinia. Shirika nililotegemea kuajiriwa nalo lilikuwa linauzwa, na kila nikienda getini mlinzi ananiambia nirudi mwezi ujao. Kilichotulisha ni pikipiki kuukuu ya marehemu baba, iliyokuwa inaendeshwa na mdogo wangu Deo. Halafu magazeti ya watu binafsi yakaanza kutoka, na mwenye gazeti mmoja akamwambia Deo: ukiweza kufikisha mafurushi Morogoro kabla ya basi la kwanza, kila siku, kazi ni yako. Kwa injini ile na mzigo ule, vilima tu vya njiani vilikuwa vinamshinda.

Nikasema nitaifungia turbo. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi, nayo inaisukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta yenyewe. Nguvu unaipata. Kudumu ndiyo kazi. Ya kwanza niliitoa kwenye kigari cha Kijapani kilichogongwa. Bushi zake, zile pete zinazoshika mhimili wa feni, ziliungua kwa kukosa oili. Nikapanua bomba la oili, nikaweka gasketi nene zaidi. Ya pili ikapasuka Deo akiwa kwenye mwendo, pikipiki ikambwaga Kimara. Alirudi amechubuka bega zima, anacheka.

"Injinia, leo nilikaribia kufika Morogoro bila pikipiki."

Mimi sikucheka. Mwenye gazeti alitaka kumjaribu Jumatatu, na Deo alishasema atakwenda, iwe imetengemaa au haijatengemaa. Unanielewa? Nisipopata turbo ya kuaminika, ningemzika mdogo wangu.

Ijumaa nilizunguka Gerezani tangu asubuhi. Sisi ni Wakristo, na kwa mawazo niliyokuwa nayo nikasahau kwamba adhuhuri ile wauza spea karibu wote wanakwenda msikitini. Bwana Awadhi, Mwarabu mmoja ambaye dukani kwake nilizoea kushinda, alikuwa anafunga milango.

"Nenda nyumbani, mwanangu," aliniambia. "Saa hizi hata vyuma vinapumzika."

Sikwenda. Nilikata kichochoro nyuma ya karakana, upande wa reli. Hapo palikuwa na mtu ameketi juu ya gunia, peke yake, na mbele yake turbo moja.

Utaniuliza, maana wote huniuliza: alikuwa na kivuli? Jua lilikuwa utosini. Hata mimi sikuwa na kivuli. Miguu yake? Miguu ya mtu, ndani ya makubadhi. Ila hakuwa na tone la jasho, na kifua chake kilikuwa hakipandi wala hakishuki. Niliona, lakini sikuelewa nilichoona.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia. "Unatafuta isiyokufa," alisema, akainua ile turbo mpaka usawa wa mdomo wangu. "Puliza."

Nikapuliza. Feni ikazunguka. Nikaisubiri isimame, haikusimama. Nikafikiria msuguano, nikafikiria upepo, na upepo haukuwapo hata wa kupeperusha karatasi. Iliendelea kuzunguka kwa pumzi yangu ile ile moja.

"Bei gani?"

"Nitajie jina la atakayeipa pumzi. Sitaki kingine."

Nikadhani ni namna yake ya kujua mteja. Jina la Deo lilikuwa limeshafika ulimini, maana yeye ndiye dereva. Nikaogopa, mpaka leo sijui niliogopa nini. Nikajitaja mimi, majina yangu yote matatu.

"Basi haitakufa kabla yako," akasema. "Ila isizimwe ingali ya moto. Iachwe ingurume taratibu mpaka itulie. Ikizimwa ghafla, utajua wewe."

Nikainama kuichukua. Ilikuwa ya baridi kama imetolewa mtungini, kwenye jua lile. Nilipoinua kichwa palikuwa na gunia tu. Ungekuwa wewe ungeiacha pale? Kabla hujajibu, fikiria bega la mdogo wako.

Jumatatu alfajiri Deo aliondoka na mzigo wake. Nilikuwa mlangoni kwetu Kariakoo, nikisikia filimbi ya turbo ikipanda kuelekea Msimbazi, na kifua changu kikafunga. Nikajishika ukutani, nikawa navuta hewa haiji. Hospitali walisema mapafu ni safi. Deo akapata kazi. Mwaka mzima pikipiki ile haikumwangusha: haikula oili, haikuunguza bushi. Na mwaka mzima, kila alipofungua mafuta kuongeza mwendo, mimi nilikosa pumzi. Siku moja aliizima mlangoni ingali ya moto, nami nikaanguka juu ya sahani yangu ya wali. Ndipo nilipomsimulia.

"Kaka, wewe una mawazo mengi," alisema. Lakini alikubali tuijaribu. Mimi nikakaa dukani kwa Bwana Awadhi. Deo akaenda viwanja vya Mnazi Mmoja, aizungushe pale kwa wakati anaotaka mwenyewe, bila kuniambia. Tulikuwa tunazungumzia bei ya mchele nilipokatika katikati ya neno. Bwana Awadhi akanishika mabega, na kwa mbali akaisikia ile filimbi. Uso wake ulibadilika.

"Yule wa kichochoroni, ulimtajia jina?"

"Langu."

"Afadhali lako." Kisha akaketi chini. "Hapana, mwanangu. Hata hilo si afadhali."

Deo alirudi akiikokota, inanguruma taratibu, machozi yanamtoka. "Jumapili tunaing'oa," alisema. "Nitauza karanga."

Jumamosi alfajiri, akipakia magazeti pale Kariakoo, aligeuka mara moja tu. Pikipiki haikuwapo.

Sasa kila inapoendeshwa najua, ila sijui ni wapi wala ni nani. Aliyenayo anapenda mwendo. Na anaizima ovyo. Juma lililopita Deo alinikuta sakafuni, midomo imekuwa ya buluu. Kila jioni anapita mitaa ya spea akisikiliza filimbi, anarudi bila kuiona, anakaa pembeni yangu mpaka nilale.

Kwa hiyo nisikilize. Adhuhuri ya Ijumaa, maduka yakifungwa, usiende vichochoro vile. Ukiuziwa kitu kwa jina, usitaje la mtu yeyote, hata lako. Na kama ulinunua pikipiki kwa mtu usiyemjua, nyekundu, tangi limebonyea kushoto, ikipiga filimbi unapofungua mafuta na haijawahi kukuharibikia, ni hiyo.

Leo inaendeshwa tangu asubuhi. Naandika maneno machache, napumzika, naandika tena. Kama ni wewe, nakuomba: ukifika unakokwenda usigeuze ufunguo upesi. Kaa juu yake kidogo. Iache ingurume mpaka itulie.