Ndoo Yenye Tumbo

Mnunuzi wa asali aliyekuwa akifika kwetu Rungwa alikuja na lori lake, bei yake na ndoo yake. Ndoo ile ya plastiki aliipasha moto makusudi, akaivuta mpaka ikatoka tumbo. Unamimina ndoo yetu nzima, unaongeza nusu, naye bado anasema haijajaa. Lori lingine halikuwepo, kwa hiyo tuliuza huku tumenuna.

Msimu mmoja akina mama wakakubaliana kisimani: hakuna kugombana naye, ila akija, aambiwe asali hamna. Mama yangu alikubali kwa shingo upande, maana asali ile ndiyo ingetupatia mabati kabla ya mvua. Tukaficha madumu yetu yote chini ya kitanda chake.

Mnunuzi alipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilimkaribisha chai ya sukari. Rungwa nzima siku hiyo ilikunywa chai ya sukari ya dukani, jambo ambalo peke yake lingetosha kumshtua, maana kwetu chai hutiwa asali. Alipofika kwetu, nyumba ya mwisho, chai ilikuwa imemfika kooni.

"Shikamoo mama. Asali vipi?"

"Marahaba baba. Mwaka huu hamna. Kunywa chai."

Kosa lilikuwa langu. Asubuhi nilikamua masega, kisha nikasukumia kitambaa cha kuchujia kulekule chini ya kitanda bila kukiosha. Nyuki wakaanza kuingia dirishani. Mmoja, watatu, halafu mstari mzima, wakapita juu ya kikombe cha mgeni na kunyoosha moja kwa moja chumbani. Mimi na dada yangu tulijifunika khanga usoni. Tuliogopa kweli, lakini kicheko kilitushinda, tukacheka mpaka machozi.

"Mama," mgeni akauliza taratibu, "hawa wanaenda kumsalimia nani humo?"

Mama akaona yamekwisha. Akaingia chumbani, akatoka na ndoo yetu ya kawaida, akaiweka mbele yake.

"Asali ipo. Ila ikitoka humu ndani, inapimwa na hii."

Mgeni akalitazama lori lake tupu, akaifikiria na safari ndefu ya kurudi, akaanza kucheka na yeye. Majirani waliposikia, kila mmoja akatoka na ndoo yake.

Mabati tuliyapata, mvua ikatukuta ndani. Ile ndoo yenye tumbo mnunuzi aliisahau, au aliona haya kuibeba. Mama analelea vifaranga humo mpaka leo, na anasema hajaona ndoo inayochukua vifaranga wengi kama ile.