Ndoo

Malaria ilikuwa imempanda binti yangu kichwani. Tulimvusha kwa boti kutoka kisiwa chetu cha Amu hadi Mokowe, tukapanda gari la wagonjwa, na huko Mombasa wakamlaza katika chumba cha wagonjwa mahututi, bomba mdomoni, mashine ikimpumulia. Alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza.

Kazi yangu ni kutengeneza injini za boti. Nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu, na nimezoea kutazama mshale wa geji kabla ya kumsikiliza mwenye boti. Kwa hiyo nilikaa nikitazama kioo cha ile mashine. Nilishajua mstari wa moyo na mstari wa pumzi.

"Bwana," mke wangu aliniambia, "mtoto yuko huku chini."

Asubuhi moja daktari alituambia wameacha kumpa dawa ya usingizi. Kilichobaki ni kungoja kama ataamka. Asipoamka, maana yake ubongo umeumia mno. "Mwiteni," alisema. "Mwiteni kwa sauti alizozizoea."

Kwa kawaida waliruhusu watu wawili kuingia, lakini siku hiyo walituachia sote watatu. Mama yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimlea mtoto mchana sisi tukiwa kazini, aliinamia kitanda akaita vile alivyomwita kila siku kutoka jikoni.

"Ndoo, mwanangu. Ndoo kwa bibi. Ndoo!"

Sista wa zamu, msichana wa bara, alitoka mbio. Akarudi na ndoo nyekundu ya plastiki, akamwekea mama chini ya kidevu.

"Shika, nyanya. Tapika tu, usione haya. Wengi huchafukwa na tumbo humu."

Mama aliitazama ndoo, akamtazama yeye. "Ni nani atapikao?"

"Si umeita ndoo?"

Sisi Waamu tunasema ndoo kwa njoo, kama tunavyosema ndia kwa njia na nti kwa nchi. Mke wangu ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio bila kusita hapo katikati.

"Nti hini yenu!" mama akasema. "Mtu amwita mjukuu wake, aletewa chombo cha kutapikia."

Sista alicheka pia, akaomba radhi. Tangu hapo, kila alipombadilishia mtoto shuka au kumsafisha mdomo, nilimsikia akiita kwa lafudhi yake ya bara, "Ndoo, mami. Ndoo kwa bibi." Mama alimsahihisha mkazo, naye akarudia.

Siku moja mama alipoita, mstari wa moyo ulipanda. Nilimkimbilia daktari, nikamwonyesha. Aliniacha nimalize maelezo yangu yote, kisha akaniambia ni homa. Nikarudi kukaa. Nilikuwa nimejua kwamba huenda ikawa homa.

Hakuamka. Walimpima, wakarudia kumpima, kisha daktari akatuita kwenye chumba kidogo chenye viti, nami nilipoona viti nikajua. Mashine ilipozimwa sikuitazama. Nilitazama miguu ya binti yangu, iliyokuwa bado na alama za hina ya Idi.

Tulimrudisha nyumbani Amu, mtaani kwetu Mkomani. Wanawake walimwosha katika chumba cha ndani, mimi nikiwa nje barazani na wanaume. Kilichotokea mle nilikisikia baadaye kwa mke wangu.

Anasema mama ndiye aliyeongoza, na alikuwa imara. Alijua kila kitu na mahali pake: karafuu maiti, pamba, sanda. Maji ya mwanzo yalipokwisha aligeuka kuwaambia walio mlangoni wamletee mengine.

"Nipani..." akasema.

Wakangoja. Akamtazama mtoto kitandani, akafunga mdomo, kisha akanyoosha kidole kwenye ndoo ya maji iliyokuwa pembeni mwa mlango, mpaka mmoja wao akaelewa, akaichukua, akampa.